GARI LINAONGEA KIJAPANI, TUNDUMA INASIKILIZA TU: Historia ya Lugha Mbili Zilizopishana Barabarani

Kila dereva wa IT anayeijua njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma anaijua ile sauti. Ufunguo ukizungushwa tu, kabla injini haijatulia, dada mmoja mwenye sauti laini anaanza kuongea kutoka ndani ya dashibodi. Anaongea kwa heshima zote, anamaliza, ananyamaza. Dereva anatia gia, anaondoka zake.

Dada huyo anasema nini? Hapo ndipo stori zinapoanza. Wapo wanaosema anasalimia. Wapo wanaosema anamtakia dereva safari njema. Na wapo wanaoapa kabisa kwamba anadai gari lipelekwe sevisi.

Ukweli ni mdogo kuliko stori zote hizo. Mara nyingi anasema hivi: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Maana yake, kadi ya ETC haijachomekwa. ETC ni mfumo wa kulipia barabara kuu za kasi huko Japani, ulioanza kutumika kwa upana mwaka 2001. Gari lina kifaa, kifaa kina kadi, ukipita kwenye kizuizi pesa inakatwa bila kusimama. Gari lilipouzwa, mwenye gari alichukua kadi yake akaacha kifaa. Kifaa kikapanda meli, kikashuka bandari ya Dar, kikapanda mlima Kitonga, kikapita Makambako, Mbeya, Mlowo na Vwawa, kikafika mpakani bado kinadai kadi ambayo haitakuja kupatikana tena. Kesho kinavuka Nakonde kwenda kuwadai Wazambia.

Zaidi ya kilomita 900 za lami, na sentensi moja haijaeleweka.

Mdau, hiki ni kisa cha lugha mbili, Kijapani na Kiswahili, na cha watu wengi ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote. Ukikifuata tangu mwanzo unaona jambo moja. Wajapani walikuja kujifunza Kiswahili, wakakikamata, wakarudi nacho kwao na kukifungulia darasa. Kijapani nacho kilikuja huku, tena juu ya magurudumu, lakini kimepita tu kama abiria wa usiku.

KANGA ZILIZOCHAPWA NA WASIOZISOMA

Wajapani wa kwanza kuishi pwani hii hawakuwa mabalozi wala wawekezaji. Mwishoni mwa karne ya 19, wasichana wengi wa familia maskini za kusini mwa Japani, hasa Amakusa na Shimabara, walipelekwa kwenye bandari za Asia kufanya kazi kwenye madanguro na vilabu vya pombe. Japani wanawaita karayuki-san. Wachache kati yao walifika mbali, mpaka Unguja. Hakuna aliyewafungulia darasa la Kiswahili. Bila shaka waliokota neno sokoni, neno kwa jirani, neno kwa mabaharia, kwa sababu njaa ni mwalimu asiyesubiri kengele. Leo kisiwani imebaki kumbukumbu ya kuwapo kwao tu, majina yao yamepotea.

Halafu ikaja kanga. Hii wengi hawaijui kabisa. Katikati ya karne ya 20, hasa miaka ya 1950 na 1960, kanga nyingi zilizovaliwa Tanganyika, Zanzibar na Kenya zilichapwa Japani. Wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar walipeleka michoro na maneno, viwanda vya Japani vikachapa, meli zikaleta mzigo.

Sasa piga picha. Fundi wa Kijapani yuko kiwandani, mbele yake kuna kitambaa chenye pindo, mji na jina. Jina ni lile fumbo la Kiswahili la kumpasha jirani, la kumsifu mama, la kumkumbusha mume. Fundi anahakikisha herufi zimenyooka na rangi haijavuja. Kama ni mpasho mkali, yeye hana habari. Huku bibi ananunua doti yake, anaisoma dukani, anacheka, anajua kabisa atapita nayo mbele ya nyumba ya nani.

Yaani wakati ule, Kiswahili ndicho kilichokuwa kinapita mikononi mwa Wajapani bila kusomwa. Kile kile ambacho gari linaifanyia Tunduma leo, kanga iliwafanyia wao.

Biashara ile ilipungua viwanda vya nguo vilipojengwa huku, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Lakini kabla kanga za Japani hazijapotea madukani, Japani ilishaanza jambo lingine. Iliamua kusoma.

VIJANA WALIOTUMWA KUJIFUNZA

Mwaka 1965 serikali ya Japani ilianzisha mpango wa kupeleka vijana wa kujitolea nchi za nje, unaojulikana kwa kifupi kama JOCV. Kenya ikawapokea mwaka 1966, Tanzania ikafuata mwaka 1967. Walikuja mafundi, wauguzi, wataalamu wa kilimo, na baadaye walimu wengi wa hisabati na sayansi wa sekondari. Shule nyingi za mikoani zina mtu anayemkumbuka "Mjapani wetu", yule mwalimu aliyefundisha fizikia akiwa na kamusi mfukoni.

Kitu cha kushika hapa ni maandalizi. Kijana hatolewi Tokyo leo akatupwa kijijini kesho. Anakaa kambini kwanza, zaidi ya miezi miwili, kwenye vituo kama Komagane mkoani Nagano au Nihonmatsu mkoani Fukushima. Anayepangiwa Tanzania anasomeshwa Kiswahili kila siku: kusalimia, kuhesabu, kuuliza bei, kueleza anaumwa wapi. Akifika anaongezewa tena. Ndiyo maana unaweza kumkuta binti wa Kijapani stendi anabishana nauli kwa Kiswahili safi na konda anabaki ameduwaa.

Vyuo navyo vikafanya kazi yao. Osaka kulikuwa na chuo kikuu cha lugha za kigeni kilichofundisha Kiswahili kama somo kuu, siyo la kujaribia. Mwaka 2007 chuo hicho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka, na mpaka leo Kiswahili ni moja ya lugha 25 ambazo mwanafunzi pale anaweza kuzichukua kama fani yake. Wanafunzi wa Kijapani huvuka bahari kuja kunoa lugha pwani, wengi wakipitia Zanzibar, kwenye taasisi ya Kiswahili kwa wageni ambayo siku hizi iko chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar.

Kwa hiyo ndani ya kizazi kimoja, nchi iliyokuwa inachapa kanga bila kuzisoma ikawa na watu wa kuzisoma na kuzifundisha. Haukuwa uchawi. Kuna mtu alikaa ofisini akaona kwamba nchi inayofanya biashara na watu lazima iwe na vijana wachache wanaoelewa watu hao wanasema nini.

MAGARI YALIANZA LINI KUWA MENGI HIVI

Upande wa huku, Kijapani kiliingia kwa mlango wa gari. Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na zaidi miaka ya 1990, gari lililotumika Japani likawa gari la mtu wa kawaida. Intaneti ilipokuja ndiyo ikamaliza kazi. Kampuni kama BE FORWARD, iliyoanzishwa mwaka 2004, zikamfanya mtu wa Mlowo achague gari kwenye simu.

Kwa nini Japani inauza magari mazima kabisa? Kuna kitu kinaitwa shaken, ukaguzi wa lazima. Gari dogo jipya linakaguliwa likifikisha miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora aliuze anunue jipya. Isitoshe Wajapani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama Tanzania na Zambia, hivyo usukani uko panapotakiwa.

Tunduma ikajikuta kwenye mdomo wa mto huo. Barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA zilishaifanya mlango wa kusini tangu miaka ya 1970. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ukakatwa kutoka Mbeya, makao makuu yakawekwa Vwawa. Mwaka 2019 marais wa Tanzania na Zambia wakazindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Kila siku magari ya IT yanapita pale kwenda Lusaka, Ndola, na mengine mpaka Lubumbashi.

Magari hayo yanakuja na maandishi yake. Kirikuu ina jina la duka la mkulima wa mpunga ubavuni. Hiace ina jina la kampuni ya mafundi umeme. Kuna basi dogo lenye picha za sungura na maua, lilikuwa la shule ya chekechea. Wengine wanayaacha maandishi yale makusudi, ili mteja ajue gari "limetoka Japani juzi". Watu wa Tunduma wamekuwa wakiyaangalia maandishi hayo kwa zaidi ya miaka 30. Madalali, mawakala wa forodha, waosha magari, mama ntilie, madogo wa bodaboda. Karibu hakuna anayejua yanasema nini.

NAMBA ILIYOJIFICHA PEMBENI YA MLANGO

Unaweza kusema, kwani ukijua kuna faida gani? Gari ni gari.

Faida ipo, na ni ya pesa. Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, angalia pembeni ya fremu. Mara nyingi utakuta kibandiko kidogo cha gereji. Gereji za huko zikibadilisha oili hubandika hapo tarehe na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Sasa kama kibandiko kinasema kilomita 142,000 na dashibodi inasema 89,000, mdau, hapo kuna mtu amerudisha namba nyuma. Kibandiko kimesema ukweli, ila kimesema Kijapani.

Ngoma ipo kwenye mwaka. Wajapani wana kalenda ya pili inayohesabu kwa enzi ya mfalme. Enzi ya Heisei, inayoandikwa 平成, mwaka wake wa kwanza ulikuwa 1989. Enzi ya Reiwa, inayoandikwa 令和, ilianza tarehe 1 Mei 2019. Kanuni yake ni rahisi kuliko hesabu za darasa la nne:

Ukiona Heisei, jumlisha 1988. Heisei 17 ni mwaka 2005.

Ukiona Reiwa, jumlisha 2018. Reiwa 2 ni mwaka 2020.

Basi. Alama mbili na kujumlisha. Mtu anayejua hilo akifungua kile kijitabu cha matengenezo kinachobaki kwenye droo ya dashibodi, anaweza kufuatilia maisha ya gari mwaka kwa mwaka. Na Tanzania gari lenye umri wa miaka 8 na kuendelea linatozwa ushuru zaidi, kwa hiyo umri wa gari siyo jambo la kupuuza hata kidogo.

Watu wangapi wamenunua gari "lenye kilomita chache" likawafia baada ya miezi sita, huku jibu lilikuwa limebandikwa mlangoni? Aliyeumia hapo mara nyingi ni mwalimu aliyekopa, au mkulima aliyeuza kahawa ya msimu mzima.

NI KIGUMU KWELI?

Wengi wanakikimbia Kijapani kwa sababu ya maandishi, na hapo hawajakosea. Kuna herufi za hiragana 46 za msingi, kuna katakana 46 nyingine, halafu kuna kanji, zile alama zenye michoro mingi. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida ina alama 2,136. Mtoto wa Kijapani mwenyewe anazisoma miaka tisa ya shule.

Lakini mdomoni, Mswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Irabu za Kijapani ni zile zile tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu kama za Kiswahili. Silabi nyingi ni konsonanti na irabu: sa-ku-ra, ka-ta-na, To-yo-ta. Mtu wa Tunduma akisoma "arigatou" mara ya kwanza, anakaribia kupatia kabisa. Mmarekani anahangaika wiki nzima.

Vituko navyo vipo. "Mimi" kwa Kijapani ni sikio. "Tako" ni pweza, kwa hiyo Mjapani akielezwa kwamba Harrier huku inaitwa tako la nyani, anaweza kulala anawaza pweza wa nyani yukoje. Na dubu ana jina ambalo kwenye ukurasa wa heshima kama huu haliandikwi, kamuulize aliyewahi kumfundisha Mjapani Kiswahili.

WIKI SITA ZA JULAI

Sasa tuje kwa wanaokwenda kujifunza kule kule. Japani ina utamaduni wa kozi za majira ya joto. Chuo cha ICU, pale Mitaka pembeni ya Tokyo, kina kozi maarufu ya Kijapani ya wiki sita kati ya Julai na Agosti. Sophia nacho, katikati ya Tokyo, huwa na masomo ya majira hayo. Mwanafunzi anaingia darasani asubuhi, jioni ana mazoezi, na katikati anaonjeshwa utamaduni: kuandika kwa brashi, sherehe ya chai, ngoma za Obon mwezi Agosti Wajapani wanapokumbuka marehemu wao. Joto lake ni la unyevunyevu kama Dar ya Januari, na nyenje wanapiga kelele mitini kutwa.

Miezi hiyo hiyo Tunduma watu wamevaa makoti. Ni kipupwe. Mbozi wanachuma kahawa.

Na hapo pana jambo la kuchekesha na kuumiza kwa pamoja. Japani ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania. Kwa kanuni za biashara ya kahawa za huko, kahawa ya arabika iliyolimwa Tanzania, ukiondoa ya Bukoba, inaruhusiwa kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Kwa hiyo arabika ya Mbozi ikifika Tokyo inaweza kunywewa kama Kilimanjaro, wakati Kilimanjaro iko upande wa pili kabisa wa nchi. Mwanafunzi wa kozi ya majira ya joto anaweza kukaa mgahawani anakunywa jasho la Songwe, na kwenye menyu Songwe haipo. Mkulima wa Mbozi naye hawezi kuisoma menyu hiyo akajua.

Nani anakwenda kwenye kozi hizi? Wengi ni Wamarekani, Wazungu, Wachina, Wakorea. Ada, nauli na malazi vikijumlishwa, mtoto wa mkulima wa Momba au Ileje hazigusi pesa hizo. Njia ya Mtanzania imekuwa ufadhili. Serikali ya Japani ina ufadhili unaojulikana kwa jina la MEXT, unaopitia ubalozi wa Dar es Salaam. Anayekwenda kuanza shahada ya kwanza kupitia njia hiyo anasomeshwa Kijapani mwaka mzima kabla ya kuingia chuo chenyewe. Tena wanaoanza hawalazimiki kukijua kabla ya kuondoka. Kuna pia mpango wa ABE, uliotangazwa kwenye mkutano wa TICAD wa Yokohama mwaka 2013, unaowapeleka vijana wa Afrika kusoma shahada ya pili na kufanya mafunzo kwenye kampuni za Kijapani. Na taasisi ya Japan Foundation ina kituo mkoani Osaka, kilichofunguliwa mwaka 1997, kinachopokea wanafunzi wa Kijapani kutoka duniani kote kwa mafunzo ya wiki kadhaa.

Lakini ili uingie kwenye hayo ya wiki kadhaa lazima uwe umeshaanza kusoma mahali. Nairobi wamejipanga muda mrefu: vyuo vinafundisha, watu wa utalii wanasoma, mtihani wa JLPT wenye ngazi tano kuanzia N5 hadi N1 unafanyikia pale. Tanzania, Chuo Kikuu cha Dodoma kimekifundisha. Ukitoka Dodoma kushuka mpaka Songwe, mkoa unaopitisha magari ya Kijapani usiku na mchana, kijana aliyemaliza kidato cha nne ataambulia sauti ya ETC tu.

NENO MOJA LILIVYOZUA BALAA

Kama bado unaona kusoma lugha ya mwenzako ni mambo ya wenye muda, kumbuka kilichotokea mwaka 2025.

Nagai ni mji mdogo mkoani Yamagata, una watu takriban 25,000. Wakati wa Olimpiki ya Tokyo ndio ulikuwa mji mwenyeji wa timu ya Tanzania, urafiki ukaanzia hapo. Agosti 2025, kwenye mkutano wa TICAD wa Yokohama, shirika la JICA lilitangaza kuwa miji minne ya Japani itakuwa "mji wa nyumbani" kwa nchi nne za Afrika. Nagai ikapewa Tanzania. Nyingine zilikuwa Nigeria, Ghana na Msumbiji. Lengo lilikuwa kubadilishana wageni, mafunzo na tamaduni.

Neno hilo moja likasomwa kila mtu anavyotaka. Baadhi ya vyombo vya habari Afrika viliandika kama vile mji umetolewa rasmi kwa Tanzania. Nigeria ikatoka taarifa ya viza maalumu, ambayo serikali ya Japani ilikanusha. Mitandaoni Wajapani wakaanza kuambizana kwamba wahamiaji wanaletewa mlangoni. Ofisi za miji ile zikafurika simu na barua pepe za hasira. Tarehe 25 Septemba JICA ikatangaza kuufuta mpango.

Cha ajabu, siku kumi tu kabla ya hapo, Mtanzania Alphonce Simbu alikuwa ameshinda marathoni ya dunia kwenye mitaa ya Tokyo, kwa tofauti ndogo kiasi kwamba yeye na wa pili waliandikiwa muda mmoja. Wajapani walimshangilia. Bendera ya Tanzania inapandishwa Tokyo, huku mpango wa urafiki na mji wa Nagai unakata roho.

Waliopoteza hawatajwi kwenye habari. Ni kijana ambaye angeweza kwenda Nagai kukaa na familia, kulima nao mpunga, kurudi na lugha. Ni bibi wa Nagai ambaye angeonja ugali wa kweli. Palihitajika watu wachache pande zote mbili wa kusema, "Jamani ngojeni, neno hili halina maana hiyo." Upande wa Kiswahili Japani ina watu hao tangu zamani. Upande wa Kijapani, Tanzania inao wachache mno.

KUANZIA WAPI

Historia hii haisemi Watanzania ni wavivu wa lugha. Mtu wa Tunduma anaongea Kinyiha au Kinyamwanga nyumbani, Kiswahili sokoni, Kibemba akivuka Nakonde, na Kiingereza cha kuandikia fomu za forodha. Hizo ni lugha nne kabla ya chakula cha mchana, na hakuna aliyemlipia ada. Alijifunza kwa sababu biashara ilimtaka. Anayeweza hivyo hashindwi na herufi 46.

Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha. Wajapani walipotaka Kiswahili walikipa kambi, mwalimu na ratiba. Tunduma ina kila kitu isipokuwa hicho. Vitabu vya mazoezi vinashuka bure kila siku kutoka bandarini: vibandiko vya milangoni, vijitabu vya matengenezo, majina ya maduka ubavuni mwa kirikuu. Masomo ya bure ya hiragana yamejaa kwenye simu. Kikundi cha madalali watano kikikaa Jumapili mbili kinaweza kuijua Heisei na Reiwa, na mmoja wao akiendelea mpaka N5, tayari mji una mtu wa kuanzia. Huyo ndiye kesho atapeleka fomu ubalozini akiwa na kitu cha kuonyesha, na huyo ndiye wiki sita za Julai zinaweza kumfaa.

Wale wasichana wa Amakusa walijifunza Kiswahili bila kitabu. Wachapaji wa kanga hawakukijua, lakini wajukuu zao wanakisoma Osaka. Zamu iliyobaki ni ya upande huu wa bahari.

Haya mdau, gari lako linasema nini ukiliwasha? Na pembeni ya mlango pameandikwa Heisei ngapi? Kaangalie kwanza, halafu shusha jibu hapo chini.